Risala ya Katibu Asiyejua Kusoma

Shoga yangu hakujua kusoma, na mtihani wake wa kisomo niliufanya mimi kwa mkono wa kushoto. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kuwasikia wanawake wa rika langu wakikaa barazani kusifu urafiki wa zamani, eti zamani marafiki walikuwa wakiambizana ukweli. Ukweli gani? Mimi niliishi hiyo zamani. Tulikuwa tukiambizana nani kapika nini, nani kaachwa, mvua imenyesha wapi. La maana tulilimeza na kulisukumia kwa maji.

Nilizaliwa Kisarawe. Baba alikuwa na kiduka cha chumvi, mafuta ya taa na nyembe, na kwa kuwa alitaka mtu wa kumsomea maandishi ya kwenye maboksi, akanipeleka shule mpaka darasa la sita. Jambo hilo liliniharibu. Nilipoolewa upande wa Dutumi, miaka michache baada ya Uhuru, nilifika na sanduku la bati, kalamu ya wino na dharau. Niliwaona wanawake wa pale washamba. Wao waliniona mzigo, na wao ndio waliokuwa sahihi. Sikujua mihogo inavundikwa vipi mpaka ikafaa kutwangwa unga. Sikujua njia ya kisimani. Siku ya kwanza shambani jembe lilinitoa malengelenge, na mama mkwe akaniambia nikakae kivulini kabla sijajikata mguu, akapata kazi ya kuniuguza.

Aliyenichukua alikuwa mke wa jirani yetu, mwanamke mfupi, mweusi, mkubwa kwangu kwa miaka kama mitano, mwenye sauti iliyovuka mashamba mawili bila kuchoka.

"Wewe mtoto wa dukani," aliniambia, "njoo nikufundishe kuishi."

Akanifundisha. Alinifundisha kisamvu kinatwangwa mpaka lini, kuni gani zina moshi na zipi hazina, mama mkwe anajibiwa vipi na ananyamaziwa lini. Alinifundisha kusuka ukili wa mikeka tukiwa tunatembea, maana yeye hakuwahi kuona sababu ya mikono kukaa bure kwa kuwa tu miguu ina kazi. Tukawa tunaitana shoga, na watu wakawa wanasema tumezaliwa tumbo moja. Watu husema chochote.

Mimba yangu ya kwanza ilipofika miezi minane na siku kadhaa, maumivu yalinianza asubuhi. Mume wangu alikuwa kazini relini, hurudi mara moja kwa mwezi. Mama mkwe alikuwa msibani. Shoga yangu akanishika mkono tukaanza kutembea kwenda kutafuta gari barabara kuu ili tufike hospitali. Hatukufika. Saa sita mchana, katikati ya mikorosho ya watu, niliketi chini nikashindwa kuinuka. Yaliyofuata niliyaona nusu nusu. Nakumbuka alitandika kanga yake juu ya majani makavu, nakumbuka wembe aliokuwa ameufunga kwenye pindo, nakumbuka damu nyingi, kisha sikumbuki. Nilipopata fahamu jua lilikuwa limekwisha geuka, naye amekaa pembeni yangu na furushi mapajani.

"Alikuja kimya," akasema. "Hakuwa na roho, shoga. Pole."

Alikuwa wa kiume. Walimzika siku ile ile nyuma ya nyumba, upesi, kama wanavyozikwa wasiopumua. Hakuoshwa kwa utaratibu, hakusaliwa, hakupewa jina. Nilizaa wengine wanne baadaye, wote hospitali, na sikumuuliza tena shoga yangu habari za siku ile. Yeye naye hakusema. Huo ndio urafiki wa zamani.

Ikaja miaka ya kuhamishwa. Tuliyaacha makazi yetu yaliyotawanyika, yakabaki mahame yenye minazi na makaburi, tukapangwa kwenye kijiji kipya, nyumba zimenyooka kama askari, na kila mtu anasikia jirani yake akikohoa. Pamoja na kijiji tukaletewa mwenyekiti, vikao, na kisomo cha watu wazima. Mwenyekiti alikuwa mtu wa koti moja na maneno mengi. Alinijia akasema, "Wewe umesoma. Utatufutia ujinga." Alisema kama mtu anayeagiza ufagio.

Nilikubali haraka kuliko ilivyopasa. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba darasa langu la sita kama mtu aliyebeba mwavuli wakati wa kiangazi, na sasa nikaona wingu.

Tulisomea kwenye ghala la korosho, saa tisa alasiri, watu wametoka shamba na nusu yao wanasinzia. Shoga yangu hakusinzia. Alikaa mstari wa mbele, ukili mkononi, na alisoma kwa sauti kuliko wote. Nilimjivunia mwezi mzima. Kisha siku moja nilikosea nikafungua ukurasa mwingine, nikamwambia asome, naye akausoma vizuri sana ukurasa wa jana. Mstari kwa mstari, pamoja na pale ambapo jana mimi mwenyewe nilikuwa nimekohoa. Alipumzika hapo hapo.

Nilimtazama. Alinitazama.

"Vizuri," nikasema. "Anayefuata."

Hapo ndipo ningemwambia, "Shoga, ubaki baada ya darasa." Sikumwambia. Nilijiambia namsitiri. Uongo. Niliona haya kwa ajili yangu mwenyewe, kwamba rafiki wa mwalimu ndiye mjinga kupita wote, na sikutaka mtu ajue. Herufi zilimshinda, basi. Zilimkimbia machoni kama siafu waliomwagiwa majivu. Mwanamke aliyeweza kukutajia majina ya watoto wote waliozaliwa kijijini kwa mfuatano wa misimu ya mvua hakuweza kutofautisha "ba" na "da".

Mtihani ulipokuja, msimamizi kutoka wilayani aligawa karatasi, akatazama saa, akaenda kwa mwenyekiti kula kuku. Mimi ndiye niliyekusanya. Karatasi ya shoga yangu ilikuwa imejaa mistari iliyopishana kama ukili, mistari mizuri, imenyooka, kuanzia juu mpaka chini. Alikuwa ameketi saa nzima akisuka kwa penseli.

Niliichana. Nikachukua karatasi tupu, nikaketi nyuma ya magunia, nikaujibu mtihani wake kwa mkono wa kushoto ili mwandiko uonekane wa mtu mzima anayejifunza. Nikamkosesha maswali mawili kwa ajili ya heshima.

Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa mapenzi. Kulikuwa na maneno kwamba mwalimu ambaye darasa lake lote litafaulu atapelekwa mafunzo Kibaha mjini, na huenda akarudi mwalimu kweli, wa mshahara na chaki yake. Nilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja. Thelathini walikuwa na uhakika.

Siku ya kugawa vyeti alikipokea chake kwa mikono miwili, akapiga goti, akaniangalia usoni. "Ahsante, mwalimu," akasema. Hakuwahi kuniita mwalimu kabla ya siku ile. Baada ya pale, mbele za watu, hakuniita jina jingine.

Sasa sikiliza mambo ya Mungu. Wakubwa walipokuja kuchagua mtu wa kwenda mafunzo, walisema mwaka ule hawataki walimu, wanataka mwanakisomo aliyefuzu, mwanamke, mwenye sauti. Wakamchagua shoga yangu. Alikwenda Kibaha wiki nzima, akalala kwenye kitanda cha chuma, akala nyama kila siku, na hakuna aliyemgundua. Kwenye semina watu hawasomi, wanasikiliza na kula. Alirudi anazikumbuka hotuba zote, za wote, kwa sauti zao. Na alirudi na kalamu kichwani, ameichomeka kwenye msuko.

Baada ya mwezi akawa katibu wa kikundi cha akina mama.

Mtu atauliza, katibu gani asiyejua kuandika? Katibu mwenye mwalimu jirani. Alikuwa anakuja kwangu alasiri na karatasi amezikunja ndani ya kanga, anaketi kwenye mkeka, anapepesa. "Mwalimu, macho yangu yana vumbi leo." Mimi nasoma, yeye anasikiliza, mara moja tu, na kesho yake kwenye kikao ameishika karatasi mbele yake na maneno yanatoka kama yanavyosomwa na redio. Mihtasari alisema nimwandikie kwa kuwa kalamu yake haishuki wino. Kwa miaka miwili macho yake yalikuwa na vumbi na kalamu yake haikushuka wino, masika na kiangazi, na hakuna kati yetu aliyecheka.

Lakini cheo ni cheo. Siku moja kwenye kikao nilisimama kusema jambo kuhusu zamu za shamba la pamoja, naye akanikatiza mbele ya wanawake wote. "Mwalimu, kifungu cha pili hakisemi hivyo." Akakitaja kifungu. Wanawake wakageuka kunitazama. Mimi ndiye niliyemsomea kifungu kile, na kibaya zaidi, alikuwa sahihi. Siku nyingine, kwenye harusi ya wifi yangu, tulikuwa tunamenya mihogo wanawake ishirini, akasema kwa ile sauti yake, "Huyu mwalimu wetu mwacheni na kitabu. Mkimwachia mihogo mtalala njaa." Walicheka mpaka mmoja akaangusha kisu. Mimi nilicheka pia, kwa meno.

Niliiweka moyoni ile. Mimi ni mtu wa kuweka.

Kisha likaja jambo la zahanati. Tulikuwa tumeijenga wenyewe, wanaume udongo na miti, wanawake maji, na ilikuwa imekaa mwaka mzima na kuta nyeupe, mlango wa bluu, na ndani yake kabati moja lenye mjusi. Ikatangazwa kwamba anakuja mgeni rasmi kuifungua. Mwenyekiti akaniita nikaandike risala. Akaniambia yaliyotakiwa kuwemo: shukrani, kazi tuliyofanya kwa mikono yetu, shukrani tena, na mwishoni ombi dogo la bati. Dawa tusizitaje. "Tusimuudhi mtu siku ya sherehe." Nikaandika kurasa mbili safi kabisa zisizo na neno moja la kweli. Atakayesoma ni katibu wa akina mama.

Nikampelekea karatasi zake mapema, na nikajua siku moja kabla ya sherehe, alasiri, atakuja na vumbi lake.

Alikuja. Nilimwona akivuka uwanja, nikaingia jikoni, nikamwambia wifi yangu mdogo, aliyekuwa hajaolewa, "Sema sipo."

"Upo," akasema wifi.

"Sema sipo!"

Nikajibanza nyuma ya kuta za makuti, nikasikia kila kitu. Wifi alisema nimetoka. Shoga yangu akasema atanisubiri. Aliketi, akavuta ungo, akaanza kumsaidia wifi kuchagua mchele. Walizungumza habari za kuku wa jirani. Alikaa mpaka adhana ya alasiri ikapita na kivuli cha nyumba kikamfikia miguuni. Mimi nimechutama kwenye jivu, mwanamke mzima, mama wa watoto wanne, mwalimu, najizuia nisikohoe kwa moshi. Mwisho akainuka, akakung'uta kanga.

"Akirudi mwambie nilikuja," akasema. "Mwambie macho yana vumbi sana."

Alisema kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliye mbele yake. Asubuhi yake akarudi tena, na mimi nilikuwa nimekwisha ondoka kabla ya chai, eti nakwenda kukata makuti ya kupamba.

Nilikuwa nataka nini? Nilitaka asimame mbele ya watu, aishike ile karatasi, na anyamaze. Hilo tu. Nilitaka anyamaze dakika moja, kisha anitafute kwa macho.

Mgeni alichelewa saa tatu, kama kawaida ya wageni. Ngoma ilipigwa, watoto waliimba, mwenyekiti akasema maneno yake na maneno ya watu wengine. Kisha shoga yangu akaitwa. Alikuwa amevaa kanga mpya doti nzima na viatu vya kuazima vilivyombana. Akasimama, akazifungua karatasi, akazisogeza mbali na uso kidogo kama wanavyofanya wasomi wa makamo. Akanitafuta kwa macho. Akanipata. Nilikuwa nimeketi mstari wa pili, nimetulia kama chatu aliyemeza.

Akainamisha macho kwenye karatasi.

"Ndugu mgeni rasmi," akaanza, na utangulizi wote ukaenda sawa, maana utangulizi ni ule ule kila mwaka. Shukrani zikapita. Nikamsubiri ukingoni, pale maneno aliyoyajua yangekwisha. Yakaisha. Akanyamaza, kweli, kiasi cha pumzi mbili. Kisha akafunua ukurasa wa pili kwa utaratibu na kuendelea "kusoma".

"Zahanati hii ina mlango, madirisha mawili, na kabati. Ndani ya kabati hakuna kitu. Akina mama wa hapa wanazaa njiani. Wengine wanafika, wengine hawafiki. Mimi niliwahi kumzalisha mwenzangu kwenye mikorosho, saa sita mchana, kwa wembe wa pindo la kanga. Mtoto alikuwa mzima. Alilia mara mbili. Lakini alikuwa anapumua kwa shida, na mama yake damu inatoka kama maji ya kata. Mwanamke mmoja hana mikono minne, ndugu mgeni rasmi. Nikamlaza mtoto juu ya majani nikamshika mama tumbo, nikalikandamiza mpaka damu ikakata. Nilipogeuka, mtoto amekwisha. Mama yake nilimwambia alizaliwa kimya. Tunaomba dawa. Tunaomba mkunga. Bati tutasubiri."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Kijiji kile hakikuwa na mtu asiyejua nani alizaa kwenye mikorosho.

Sikulia. Watu walitegemea nilie, wakanisogelea na kanga zao tayari. Niliwaka hasira. Miaka kumi na zaidi amekaa na mwanangu mdomoni, amekula kwangu, amekunywa kwangu, amekoga na mimi mtoni, akaja kumtema mbele ya mtu mwenye gari! Hiyo ndiyo hasira niliyoondoka nayo pale, na nilikuwa nimefika nusu ya njia ndipo nikakumbuka nilikokuwa jana alasiri.

Jioni mwenyekiti alikuja na koti lake. Katibu, baada ya kusema, alikuwa ameketi na risala kifuani badala ya kuikabidhi, na mgeni rasmi aliondoka ameagiza aletewe nakala.

"Yale maneno uliandika wewe?" akaniuliza.

Ningesema hapana. Ningesema, huyo hajui hata "a", mwiteni mumjaribu. Na yeye angesema, cheti changu nilikipata vipi basi? Tungeanguka wote wawili kama madebe.

"Niliandika mimi," nikasema.

"Kama alivyosoma?"

"Kama alivyosoma."

"Basi kesho nipate nakala. Na kisomo utapumzika." Akaondoka. Wapo watakaosema nilimlinda rafiki yangu. Nililinda mkono wangu wa kushoto.

Sasa nakala yenyewe sikuwa nayo, na mimi si mtu wa kukumbuka maneno niliyosikia mara moja. Kwa hiyo kesho yake asubuhi nilichukua daftari na kalamu, nikaenda kwake. Alikuwa ameketi nje, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi kwa sababu ya vile viatu.

"Nimekuja kuandika," nikasema.

"Andika," akasema.

Akaanza kusema, taratibu, sentensi moja moja, ananisubiri nimalize. Neno kwa neno, kama jana. Mimi naandika kama mtoto wa darasa la kwanza anayeandikishwa imla. Tulipofika kwenye mikorosho akauliza:

"Hapa uandike au upite?"

"Niandike."

Akasema. Nikaandika. Kalamu ikafika mahali pake ikasimama yenyewe.

"Alilia mara mbili?" nikauliza.

"Mara mbili. Ya pili ndogo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akatoa mguu kwenye karai, akautazama, akaurudisha. "Ningekuambia nini? Kwamba nilimweka chini? Mama mkwe wako angesema nimemuua. Na wewe ungekubaliana naye. Siku ile ungekubaliana naye."

Ningekubaliana naye. Nilimjua msichana yule wa sanduku la bati vizuri kuliko alivyomjua yeye. Nikasema, "Endelea," akaendelea mpaka kwenye bati. Nikafunga daftari. Kuhusu jikoni hakuuliza. Kuhusu mtihani sikusema. Tulizungumza kidogo habari za miguu yake, nikamwambia viatu vya kuazima havivaliwi bila soksi, akaniambia hakuomba ushauri.

Ijumaa ile mama mkwe, mzee tayari, alimwita shehe wa kijiji akamweleza. Shehe akasema mtoto aliyelia ana haki zake: jina, na kusaliwa. Hata kama miaka imepita, kaburi lipo. Kwa hiyo tukafunga safari kwenda mahameni, watu kama kumi na wawili. Mume wangu alikuja kutoka relini, hasemi na mtu. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa kifusi chenye mpapai juu yake. Nyuma yake tulihangaika, hakuna alama, kila mtu anaonyesha pake. Mama mkwe alisema kwenye mnazi. Mume wangu, aliyeonyeshwa tu aliporudi kutoka kazini, alisema mbele zaidi. Shoga yangu hakusema, alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kichaka cha mkunazi akasimama. "Hapa." Alikuwa akipapalilia, nikajua hivyo, maana chini ya kichaka palikuwa pasafi.

Wanaume wakasali. Jina nililompa silitaji hapa, ni lake. Wanawake wenzangu waliokuja walilia sana, wakiwemo waliocheka wakati wa mihogo, na mmoja alilia kwa bidii mpaka akashikwa. Nilimdharau. Shoga yangu hakulia. Alikuwa anawafukuza mbuzi wa mtu waliokuja kutazama.

Zahanati ilipata maboksi mawili ya dawa baada ya miezi, na mkunga baada ya mwaka na zaidi. Mwenyekiti alisema ni juhudi zake. Uchaguzi uliofuata shoga yangu hakurudishwa ukatibu, akaingia mke wa mwenyekiti, ambaye alijua kusoma na hakuwa na la kusema. Kisomo walimpa kijana aliyemaliza la saba, mwenye kofia. Na sisi wawili? Wasimulizi wa barazani wangetaka niseme tulikumbatiana, tukawa zaidi ya ndugu. Tulipoa. Aliacha kuniletea karatasi, hakuwa nazo tena. Tulisalimiana, tulizikana, tulipelekeana chakula mfungo ukifika. Nikimwona anakuja nilikuwa na furaha, na kabla hajafika nilikuwa nimechoka.

Mume wangu alipoacha kazi ya reli tukahamia Kisarawe kwa baba, miaka ile ya shida ya sukari na sabuni. Alinitembelea mara moja. Alikuja kwenye harusi ya mtu wa kwao, akauliza njia, akanikuta nafua. Alikuwa ameota mvi, sauti ile ile. Nilimpa chai isiyo na sukari na mihogo ya kuchemsha. Alikula, akatazama shamba langu la nyuma ya nyumba, akasema mihogo nimeipanda karibu karibu kama mtu anayeogopa kuibiwa ardhi, na kwamba mbegu yenyewe ni chungu. Akaniuliza watoto. Nikamuuliza magoti. Nilikuwa na maneno tele, nilikuwa nimeyapanga miaka mingapi sijui, na yeye alikuwa na yake, niliyaona. Akaomba kipande cha sabuni. Nikakata mche nusu nikampa, akaufunga kwenye pindo, akasema anawahi gari.

Nikamsindikiza mpaka njia panda. Kisha nikarudi kwenye nguo zangu, nikafua kwa hasira mpaka jioni, nikisema peke yangu kwamba mihogo yangu haina ubaya wowote.